Vifungu Kumi na Vinne na Sahihi ya Mama

Simu ilikuja baada ya sala ya Isha, nami niko barazani kwangu Mombasa nimejinyoosha. Alikuwa mpwa wangu akaaye Ruiru. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana wazima na wagonjwa, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjomba, mwanzo wa muhula nililetewa karatasi ya skuli niitie sahihi, nikaitia. Leo naambiwa nimevunja niliyoyatilia sahihi. Na mimi, mjomba, sijui niliyatilia sahihi mambo gani."

Karatasi yenyewe ilikuwa ya sheria za darasani na za kazi za nyumbani, za bintiye aliye Gredi ya Nane. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo ndogo, vifungu kumi na vinne. Chini pana mistari mitatu: wa mwalimu, wa mwanafunzi na wa mzazi. Mpwa wangu si mjinga. Amesoma mpaka darasa la nane, barua huandika na hesabu za mshahara wake hazimpotei. Lakini Kiingereza cha sheria kinamshinda, kama kinavyowashinda wengi wetu tusiopenda kukiri.

Lililonipandisha basi, hata hivyo, si hilo. Alisema anafikiri kumtoa binti chuoni, kwa sababu kazi za skuli hazimwachii wakati wa kusoma Qur'ani. Na ikiwa kufanya hivyo ni makosa, basi amlete Mombasa kwa nyanyake, yeye abaki huko na mtoto mdogo. "Njoo utuamulie," akasema. Baba mtu ni dereva wa malori ya masafa, Mombasa hadi Kampala. Huonekana nyumbani kama mwezi mwandamo.

Msomaji wa pwani ambaye hajafika sehemu hizo, hebu aichukue picha hii. Kutoka Nairobi kwenda Thika pana barabara pana ya kilomita hamsini hivi, iliyojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2012. Ruiru iko katikati yake, Thika mwishoni. Wazee waliijua Ruiru kuwa ni mashamba ya kahawa na kituo cha utafiti wake. Hata kuna mbegu ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima miaka ya themanini. Leo mashamba mengi yamegeuka magorofa ya kupangisha. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata zaidi ya watu 490,000 Ruiru, na zaidi ya 250,000 Thika, mji ambao ndio wenye viwanda na jina. Maana yake ni kwamba Ruiru ni mji wa kulala. Asubuhi watu wazima humwagika barabarani, wengine Nairobi, wengine Thika, na mchana kutwa nyumba hubaki na watoto. Mpwa wangu hushona nguo katika kiwanda kimoja cha Thika. Hutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, na akirudi saa mbili usiku humshukuru Mungu kwa kukosa msongamano.

Basi Jumapili, baada ya chakula cha mchana, tulikaa mkekani sisi watatu, mimi na mama na binti, nikaanza kuifasiri karatasi kifungu kwa kifungu katika daftari. Kazi niliyoidhania ya robo saa ilituweka hadi Magharibi.

Kifungu cha kwanza kilisema kila mwanafunzi awe darasani saa moja kamili asubuhi. Nikakumbuka kwamba kanuni za elimu za mwaka 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili na yaishe saa tisa na nusu, kisha michezo na mfano wake hadi saa kumi na moja kasorobo. Sasa hii saa moja nzima imetoka wapi? Binti akasema ni ya kudurusu. Mama akasema, "Ndiyo sababu hawanywi hata chai." Nikaandika na kupita.

Palikuwa na kifungu cha kelele, na kiranja wa kuandika majina ya wapiga kelele. Hilo lipo tangu enzi zetu, na bila shaka hata viranja wa siku zile walikuwa wakiwaruka marafiki zao. Palikuwa na kifungu cha sare. Binti huvaa mtandio mweupe na hakuna aliyemsumbua. Lakini ni suala lililofika mbali: Mahakama ya Rufani iliwakubalia wanafunzi wa Kiislamu wa shule moja ya Isiolo wavae hijabu mwaka 2016, na Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019. Kwa hiyo binti wetu anavaa kwa hisani ya mwalimu mkuu wake, na hisani haikuandikwa katika karatasi.

Kichwa cha karatasi kilikuwa na neno nililolifasiri "nidhamu", kisha kalamu ikasita mkononi. Mimi ni mtu wa mashairi, na neno hili tuna udugu nalo. Asili yake ni Kiarabu, maana yake ni kupanga, kama mtu atungavyo shanga au lulu katika uzi mmoja. Humo humo limo neno letu la kunadhimu, yaani kutunga shairi. Mwalimu wa nidhamu na mtunzi wa tenzi wametoka tumbo moja! Nikamweleza binti, akacheka, akasema kwao neno hilo maana yake ni kupiga magoti nje ya ofisi.

Kifungu cha saba ndicho kilichotuchukua muda mrefu. Kinasema Jumatatu mpaka Alhamisi ni Kiingereza tu, Ijumaa ni Kiswahili, na lugha za kienyeji zisisikike siku yoyote. Neno walilotumia kwa lugha za kienyeji ni lile "vernacular", ambalo asili yake ni Kilatini, na kiini chake ni mtumwa aliyezaliwa ndani ya nyumba ya bwana wake. Sidhani mwandishi wa karatasi alilijua hilo.

Mpwa wangu akauliza: "Na Kiswahili cha kwetu je, ni cha Ijumaa au ni cha kienyeji?"

Swali lake si la mzaha. Kwa jirani zake wa Ruiru, Kiswahili ni lugha ya pili, au ya tatu. Kwa binti huyu ndiyo lugha aliyonyonya nayo. Akimwambia mwenziwe siku ya Jumanne neno la Kimvita alilolisikia kwa nyanyake, amevunja sheria mara mbili, mara ya siku na mara ya lugha ya mama. Na Ijumaa, akisema hilo hilo, watoto wenziwe humcheka kuwa hajui Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili wanachokijua wao ni cha kitabuni na cha matatu. Huyu ndiye mtoto mwenye Kiswahili chake darasa zima, na ndiye pekee anayekisema kwa woga.

Sheria ya namna hii ni kongwe katika sehemu hizo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru katika Kiambu hiyo hiyo, aliyefariki Mei 2025, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi watoto wa enzi za ukoloni walivyoadhibiwa na kufedheheshwa kwa kuonekana wanasema Kikuyu karibu na shule. Bendera ya kigeni ilishuka mwaka 1963. Kifungu cha saba kimebaki.

Kifungu cha tisa kinakataza simu. Vizuri, nami nakiunga mkono. Lakini katika shajara ya binti, kazi ya Sayansi Jumuishi ya juma hilo ilisema atafute mtandaoni picha za mfumo wa kupumua, azichapishe na kuzibandika. Simu ya nyumbani ni moja, nayo huwa kiwandani Thika na mwenyewe. Binti alikwenda kwa kijana wa saiba hapo chini ya gorofa, akatoa shilingi sitini za kurasa tatu, ambazo zilikuwa za maziwa.

Tukafika kifungu cha kumi na moja. Nilikifasiri hivi: "Kazi zote za nyumbani zikamilishwe, na shajara itiwe sahihi na mzazi kila siku. Asiyetimiza hataingia darasani mpaka mzazi wake afike shuleni." Mpwa wangu akakiweka kidole juu yake. "Hiki ndicho nilichokivunja." Mara mbili alirudi akamkuta mtoto amelala, akaona haya kumwamsha kwa ajili ya sahihi. Asubuhi akatoka kabla hajaamka. Mara ya pili aliitwa shuleni, na siku hiyo kiwandani hakulipwa.

Hapo nikataka nione mwenyewe. Jumatatu jioni nilikaa na binti mezani, saa ya mkononi nimeiweka mbele yangu. Aliingia nyumbani saa kumi na moja na nusu amechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Chuo, ambacho huanza baada ya Alasiri, kilikuwa kimekwisha nusu, hakwenda. Baada ya Magharibi akafungua mkoba. Hesabu maswali ishirini. Kiingereza insha ya ukurasa mmoja. Kilimo mchoro na maelezo. Masomo ya Jamii kunakili ramani. Na Kiswahili, nisione haya kusema, muhtasari wa kifungu ambacho hata mimi nilikisoma mara mbili. Alimaliza saa nne kasoro dakika tano usiku, mama yake ameshakula na kusinzia kitini huku kalamu ya sahihi iko mkononi.

Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Harris Cooper, amechunguza kazi za nyumbani kwa miaka mingi. Kipimo kinachonasibishwa naye ni dakika kumi kwa kila darasa, yaani mtoto wa darasa la nane dakika themanini, na zikizidi sana faida yake huisha. Binti wetu alikaa saa tatu. Siwachukulii Wamarekani kuwa maimamu wetu katika malezi, lakini saa tatu ni saa tatu, Ruiru au Chicago.

Wala mtu asiniambie kuwa kazi hizi ni mzaha wa kuachwa. Sekondari msingi ilipoanza mwaka 2023 katika viwanja vya shule za msingi, kipimo cha mtoto kiligawanywa. Matokeo yake ya Gredi ya Sita huchukua asilimia 20, kazi za kupimwa shuleni Gredi ya Saba na ya Nane asilimia 20, na mtihani wa mwisho wa Gredi ya Tisa asilimia 60. Kundi la kwanza lilifanya mtihani huo mwishoni mwa mwaka 2025, zaidi ya watoto milioni moja. Basi binti anajua, na mama anajua, kwamba kazi ya Gredi ya Nane si ya kuchezea. Wazazi walilalamika tangu mwaka 2021 kwamba mtaala huu umewafanya wao wanafunzi, na kesi ikafika Mahakama Kuu. Masomo ya sekondari msingi yakapunguzwa baadaye mpaka tisa. Unafuu upo, lakini haukufika mezani pale nilipokaa.

Nami nikawa nafikiri chuo nilichosomea. Miaka ya sabini, mtaani kwetu, tulikaa mikekani na mbao zetu, tukaandika aya kwa wino wa masizi, na mtoto haoshi ubao wake mpaka amesoma kwa moyo. Kazi ya nyumbani ilikuwapo, tena kila siku, ila tuliibeba kifuani. Njiani tunadurusi, kisimani tunadurusi, tunatumwa dukani huku midomo inatikisika. Mama yangu hakujua kuandika hata jina lake. Lakini alijua nikikosea, kwa kuwa aliisikia Juzuu Amma tangu tumboni mwa mamake. Hakutakiwa sahihi. Na mwalimu alikuwa mtu wa mtaa, akipita jioni barazani kwa baba huambiwa mtoto ana homa, basi kesho yake hasemi nawe.

Lakini tusijipake mafuta. Siku tulipotiwa chuoni wazee walimwambia mwalimu: nyama yako, mifupa yetu. Na nyama ililiwa kweli. Nina alama ya bakora mguuni ambayo nusu karne haikuifuta, na kosa langu lilikuwa kusahau herufi moja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 sasa imeharamisha kumpiga au kumtesa mwanafunzi kwa mwili au kwa akili, na mwenye kufanya hivyo aweza kutozwa shilingi laki moja au kufungwa miezi sita, au yote mawili. Kiboko kilikwisha kupigwa marufuku shuleni tangu mwaka 2001. Mimi naiombea dua sheria hiyo, na ningependa iwekwe hata ukutani mwa vyuo vyetu.

Jumatano, mpwa wangu aliomba zamu ya mchana, tukaenda shuleni pamoja. Nilimwambia yeye ndiye mzazi, yeye ndiye atakayesema, mimi nimebeba daftari tu. Mwalimu wa darasa ni msichana mdogo, umri wa kuwa mwanangu wa pili, ana watoto sitini na watatu katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya arobaini. Alitupokea kwa adabu. Alipoelezwa, aliishika ile karatasi akaigeuza nyuma na mbele, akasema: "Mama, hii sikuiandika mimi. Niliikuta."

Akalisoma daftari langu la tafsiri, kimya, na alipofika kifungu cha kumi na moja akakisoma tena. Kwa Kiswahili kilikuwa na sauti nyingine, akasema. Kisha mpwa wangu akamtolea shajara na kumwonyesha Jumatatu: hesabu, Kiingereza, kilimo, jamii, Kiswahili. Mwalimu akanyamaza. Yeye hufundisha mawili katika hayo. Hayo mengine hutolewa na wenziwe, na hakuna hata mmoja ajuaye mwenziwe ametoa nini siku hiyo. Kila mwalimu ametoa kazi ya dakika thelathini au arobaini, na kila mmoja ana haki. Aliyezijumlisha ni mtoto peke yake.

Hakuna aliyegombana. Mwalimu alisema atapeleka ombi kwenye kikao cha walimu ili kila somo lipewe siku zake za kazi ya nyumbani, mawili kwa siku, si matano. Kuhusu sahihi, alikubali mama atie Ijumaa kwa juma zima, na mtoto asifungiwe nje ya darasa kwa kalamu ya mzazi. Kazi za kuchapisha, atakubali mchoro wa mkono. Mpwa wangu akauliza juu ya kifungu cha saba. Mwalimu akatabasamu, akaangalia mlango wa ofisi ya mkuu. "Hicho, mama, si changu." Basi kikabaki.

Tulipotoka, mpwa wangu alitaka kwenda zake kazini, nikamzuia. Palibaki upande wa pili, nao ni wetu wenyewe. Maalim wa chuo alikuwa ameshasema kwamba anayekosa siku tatu jina lake hufutwa. Hiyo nayo ni sheria ambayo hakuna aliyeitia sahihi. Tulimkuta akitengeneza mswala. Nilimweleza kuwa mtoto anafika nyumbani saa kumi na moja na nusu, si kwa utoro, na kwamba skulini kwao hapana mwalimu wa somo la dini ya Kiislamu, kwa hivyo kipindi kile hukaa nyuma akisikiliza somo la wengine. Akimfuta yeye, huyu mtoto atasomea wapi? Maalim alikuna ndevu. Alisema watoto wengi wa hapo wana tatizo hilo hilo, ila hakuna mzazi aliyekuja kumwambia. Wote wanaondoka alfajiri. Tukapatana Jumamosi na Jumapili asubuhi, na siku mbili za katikati ya juma baada ya Magharibi, nusu saa, kwa wakubwa wa sekondari tu. Binti ana juzuu kumi na moja. Ataendelea hapo hapo alipo, na safari ya kwa nyanyake imebaki kuwa ya likizo.

Nilirudi Mombasa Ijumaa. Juma lililofuata mpwa wangu aliniletea picha ya ukurasa wa shajara kwa simu. Kazi zilikuwa tatu siku hiyo, si mbili. Lakini chini yake, kwa kalamu nyekundu ya mwalimu, palikuwa na maneno haya: "Nimeona, mama. Ahsante." Nikatazama tarehe juu ya ukurasa. Ilikuwa Jumanne.